Gigahezi 4.5 za usiku si 4.5 za saa tisa alasiri

Ndugu wa Nakuru, swali lako nimelisoma mara mbili. Una prosesa ya Intel i5-2500K, unaikimbiza kupita kasi ya kiwandani: kizidishi (namba inayozidisha kasi ya msingi ya megahezi 100) umekiweka 45, yaani gigahezi 4.5, volti 1.36, jaribio la dakika kumi linapita, usiku unacheza gemu mpaka saa sita bila shida, lakini mchana mashine inaganda au inakuletea skrini ya buluu. Kuna aliyekushauri upige Windows upya. Acha Windows ilivyo. Ugonjwa huu nimeugua mwenyewe, na prosesa hiyohiyo, hapa Kisumu.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na matanga. Nilinunua 2500K ya mtumba pamoja na mathabodi yake ya Z68, nikaona badala ya kuhangaikia pesa ya mashine mpya, hii niikimbize. Kiwandani imepewa gigahezi 3.3, ikijikaza yenyewe inafika 3.7. Nikaifikisha 4.6 kwa volti 1.40. Usiku nikawasha Prime95, programu ya kuibebesha prosesa mzigo mzito, nikala, nikaoga, nikarudi baada ya saa nzima: hakuna kosa hata moja. Nikajiona fundi.

Juma hilohilo nikapata video ya mazishi. Saa nne za picha kutoka kamera mbili, na wenyewe wanataka nakala kabla hawajapanda basi la jioni kurudi Nairobi. Chumba changu ni mabati matupu, hakuna dari. Anayeijua Kisumu saa tisa alasiri kabla mvua haijashuka anaelewa ninachosema, hata sakafu unaisikia kwa nyayo. Mashine ikarenda, yaani ikaitengeneza video ya mwisho, hadi asilimia 80, ikaganda. Nikaanza upya, kasha wazi, feni ya mezani imeelekezwa ndani. Safari hii ikamaliza. Nikaweka kwenye flashi, nikapokea changu. Usiku nikapigiwa simu na mzee wa ile familia, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Kijana wangu, mbona pasta amekuwa kijani?" Katikati ya mahubiri uso wa pasta ulikuwa umekatikakatika vipande vya kijani, sauti inakwaruza, sekunde kumi na mbili hivi, kisha picha inarudi sawa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo mashine ikiganda, shukuru. Mbaya ni ile inayokosea hesabu na kuendelea na kazi.

Sasa yako. Umeandika kwamba usiku viini vya prosesa vinafika nyuzi 79. Nakuru usiku mnavaa sweta. Tuseme chumba kiko kwenye 16. Feni na hitisinki (kile chuma chenye mapezi kinachoivuta joto prosesa) haziwezi kuishusha prosesa chini ya hewa ya chumba, zinachoweza ni kushikilia tofauti. Tofauti yako ni nyuzi 63. Alasiri chumba kikiwa 27, hesabu inakupa 90. Utasema 90 bado, prosesa hii hujipunguza kasi yenyewe karibu na nyuzi 98. Kweli, lakini silikoni ikipata joto huvujisha umeme zaidi na transista zake huchelewa kidogo, kwa hiyo volti iliyotosha kwa 4.5 kwenye nyuzi 79 haitoshi kwenye 90. Hujavunja kikomo chochote. Umeishiwa na nafasi tu. Na hitisinki iliyoziba huipanua hiyo tofauti yenyewe.

Usikimbilie kuongeza volti. Joto hufuata kasi mara volti mara volti. Mimi nilipotoka 4.2 kwa 1.25 kwenda 4.6 kwa 1.40, kasi iliongezeka kama asilimia 10, joto likaongezeka kama asilimia 37. Ni kama kulipa nauli ya Nairobi ushukie Naivasha. Na ukiongeza volti ili kutibu tatizo la joto, unaongeza joto lilelile.

Anza na usafi. Nilipofungua yangu nilikuta kati ya feni na hitisinki kuna kitu kama kipande cha blanketi. Vumbi, ndiyo, lakini zaidi ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi na kujaa kwenye taa. Mimi hufanya kazi usiku, taa imewaka, dirisha wazi, feni inawavuta mmoja mmoja. Walikuwa wamekaukia humo wakashikana na vumbi hadi ukibandua kinatoka kizima, na alama za mapezi ya hitisinki zimechorwa juu yake. Kusafisha huko na pesti mpya kati ya prosesa na hitisinki vilinishushia nyuzi 9. Wadudu hawa huenda hawawasumbui nyinyi, ila vumbi la huko silisahau, niliishi Nakuru mwaka mmoja. Ukipuliza, shika feni isizunguke. Na jambo dogo: Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, feni ileile inabeba joto pungufu kuliko Mombasa. Ukiona mtu wa pwani anajisifu kwa namba zake, usizichukue kama ahadi.

Ukishasafisha, rudisha kizidishi 42 na volti 1.25, kisha panda hatua moja moja. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ile kasi ya msingi ya megahezi 100 usiiguse. Kwenye ukoo huu wa prosesa inaendesha pia diski na kadi ya picha, ukiisogeza kidogo tu unaweza kuharibu mafaili na ukadhani ni prosesa. Memori nayo iache kwenye kasi ya 1333 kwanza. Wengi huwasha XMP (mpangilio wa kasi kubwa uliohifadhiwa ndani ya memori) ya 1600 siku hiyohiyo wanayoongeza kasi, halafu hawajui wamlaumu nani. Memori ipime peke yake, kwa programu ya MemTest86 usiku kucha.

Volti soma wakati mashine ina mzigo, kwa HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, si ile uliyoandika kwenye bayosi. Mzigo ukija volti hushuka kidogo, ndivyo ilivyotengenezwa. Kipengele cha bayosi kiitwacho LLC (Load-Line Calibration) huzuia huko kushuka, lakini ukikiweka kwenye ukali wa mwisho, mzigo unapoondoka ghafla volti inaruka juu kuliko uliyoomba, na huo mruko programu haikuonyeshi. Weka katikati.

Jaribio ndilo hasa ulilokosea. Dakika kumi za usiku ni salamu tu. Pima saa nane hadi saa kumi na moja jioni, madirisha kama yanavyokuwa siku zote, kwa kazi unayofanya kweli. Mimi huendesha Prime95 kupata joto, kisha nafunga folda kubwa kwa 7-Zip, programu ya kubana mafaili, na kuipima. Ikilalamika kuhusu CRC (namba ya kuhakiki faili) kwenye faili ambalo imelitengeneza yenyewe dakika tano zilizopita, hesabu zimeharibika. Baadaye fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tafuta WHEA-Logger, tukio namba 19. Hilo ni kosa ambalo prosesa imelikamata na kulisahihisha yenyewe. Wengi wakiliona wanasema si mashine imeendelea? Mimi nikiona hata moja nashuka hatua moja. Yangu sasa iko 4.3 kwa 1.27, na tofauti ya muda wa kurenda kati ya hapo na 4.6 inaisha kabla chai haijapoa.

Stima nayo usiiache nje. Kama mchana jirani zako ni mafundi wa kuchomelea, angalia laini ya volti 12 ya pawa saplai ukiwa na mzigo. Inatakiwa ikae kati ya 11.4 na 12.6. Sensa ya mathabodi hudanganya kidogo, afadhali mita ya fundi. Pawa saplai yangu ya kwanza iliandikwa wati 500, na uzito wake ulikuwa kama wa mkate. Ilikuwa inashuka hadi 11.3 kila ninapoanza kurenda, na mimi nikaendelea kuilaumu prosesa kwa wiki nzima.

Fanya hayo, ulete hapa namba za saa tisa: joto la chumba, joto la viini, volti chini ya mzigo. Na utaje mathabodi ni ya kampuni gani kabla hujagusa LLC, maana kuna wanaohesabu kiwango cha 1 kuwa ndicho kikali, na kuna ambao kwao ndicho laini.