Mfumuko ukishuka, bei hazijashuka: kwa walimu wapya wa Kidato cha Tano na Sita

Juzi nilikaa kiti cha nyuma kumsikiliza mwalimu wa BTP, yaani mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, akifundisha EGM (mchepuo wa Uchumi, Jiografia na Hisabati). Kijana ana sauti, andalio la somo limenyooka, na grafu yake ubaoni ilipendeza. Mfumuko wa bei wa Taifa: Desemba 2011 asilimia 19.8, Desemba 2012 asilimia 12.1, Desemba 2013 asilimia 5.6. Mstari unateremka vizuri kabisa. Akageukia darasa: "Kwa hiyo mnaona, bei zilishuka." Darasa zima likainama kuandika.

Huyu ni wa tatu kumsikia akisema hivyo ndani ya miaka miwili. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tulimalize leo.

1. Soma kichwa cha jedwali kabla ya jedwali. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikiandika "kwa mwaka ulioishia mwezi Desemba", inalinganisha Desemba hii na Desemba iliyopita, basi.

2. Mfumuko ni mwendo wa bei. Basi likipunguza mwendo kutoka Chalinze kwenda Morogoro, halijaanza kurudi Dar.

Hili nililijua kwa kumuumiza mtoto wa watu. Mwaka 2014 nilikuwa mwaka wa kwanza kazini, mwalimu wa BAM, hisabati ya msingi ya Kidato cha Tano na Sita. Mwalimu wa Uchumi alikuwa na vipindi vingi, nikapewa mada ya takwimu nimsaidie. Nilijua wastani, nilijua mtawanyo, nikaona inatosha. Nikachora grafu ileile ya juzi, kwa tarakimu zilezile, kisha nikatoa swali la alama tano: eleza kilichotokea kwenye bei kati ya Desemba 2011 na Desemba 2013. Jibu nililokuwa nalitaka: zilishuka.

Binti mmoja ambaye mama yake aliuza mchele sokoni aliandika kwamba bei ziliendelea kupanda, ila polepole, na kwamba mama yake hajapunguza bei ya kilo tangu yeye aingie Kidato cha Tano. Nikampa sifuri. Sikuishia hapo. Nililisoma jibu lake mbele ya darasa, wenzake wakacheka, nami nikasema: "Hapa tunatumia data, hadithi za nyumbani ziache nyumbani." Akakaa, akafunga daftari.

Wiki mbili baadaye yule mwalimu wa Uchumi alilifunua daftari mojawapo kwenye meza yangu ofisini. Hakunigombeza. Aligeuza karatasi ya andalio langu, akaandika nyuma yake: Desemba 2010 kapu la bidhaa ni shilingi 100. Ongeza asilimia 19.8, unapata 119.80. Ongeza 12.1, unapata 134.30. Ongeza 5.6, unapata karibu 141.80. Akaniuliza, "Mwalimu, imeshuka wapi?" Nilihisi shingo inaungua. Mtoto alikuwa amejibu swali vizuri kuliko mwongozo wangu wa kusahihishia.

Kosa la hesabu nimeshajisamehe. Nililofanya baada ya hapo ndilo linaloniuma hadi leo. Nililichukua daftari lake, nikakata sifuri, nikaandika tano, nikalirudisha kwenye rundo. Nilimwaibisha hadharani, nikamsahihisha kimyakimya. Hadi wanamaliza Kidato cha Sita hakunyoosha mkono tena katika kipindi changu, na mimi sikuwahi kusimama mbele ya darasa lile nikasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Ukikosea ubaoni, sahihisha ubaoni, kesho yake asubuhi, kwa kumtaja mwanafunzi uliyemkosea.

3. Kutoka 12.1 hadi 5.6 ni pungufu ya pointi 6.5 za asilimia, ukisema "asilimia 6.5" umesema kitu kingine.

4. Usiunganishe miaka yenye vizio tofauti, yaani miaka tofauti ya msingi ambayo bei zake hutumika kupimia. Pato la Taifa letu lilihamia kizio cha 2007 mnamo Desemba 2014, kisha kizio cha 2015 mnamo 2019. Ukinakili nusu ya jedwali la zamani na nusu ya jipya, wanafunzi watauona uchumi ukiruka ndani ya mwaka mmoja, na watakutafutia sababu: gesi, barabara, mvua. Watoto wana akili, hawakosi sababu! Waonyesheni Nigeria: Aprili 2014 ilihama kizio cha 1990 kwenda 2010, na pato la 2013 likaongezeka kwa karibu asilimia 89 kwenye karatasi. Hakuna aliyelala maskini akaamka tajiri Lagos usiku ule. Kenya nayo ilifanya hivyo Septemba mwaka huohuo, ongezeko likawa kama asilimia 25.

5. Kabla ya kusifia pato, ligawe kwa watu: sensa ya 2012 ilihesabu 44,928,923, ya 2022 ikahesabu 61,741,120.

6. Msisubiri kompyuta. Karatasi ya grafu na kikokotoo vinatosha muhula mzima. Darasa langu lina kapu lake: unga, mchele, mafuta ya kula, mkaa, nauli. Wa kutwa wanaleta bei kila Ijumaa, wa bweni wanapiga hesabu. Ugomvi huanza kwenye mizania, yaani uzito wa kila bidhaa katika kapu, kila mmoja anataka kapu lifanane na la kwao. Hapo ndipo ninapowaonyesha kwamba chakula kilikuwa na uzito wa asilimia 47.8 katika kapu la Taifa la kizio cha 2010, 38.5 katika la 2015, na 28.2 katika la 2020. Mwaka jana kijana mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, na wale ambao nusu ya pesa yao bado ni chakula?" Kengele ililia, hakuna aliyetoka.

Yule mwalimu wa BTP nimekaa naye jana, nikamsimulia habari ya yule binti. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba chaki mbili za rangi. Jumatatu ana kipindi dabo na EGM. Atachora mstari wa mfumuko na mstari wa fahirisi, yaani kiwango chenyewe cha bei, kwenye ubao mmoja, na ameniambia ataanza kwa kusema, "Wiki iliyopita niliwafundisha vibaya." Nimeomba kiti kilekile cha nyuma.