Re: Barua za Darwin zilikuwa za kazi tu?
Mkuu umeuliza kama Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuko ya viumbe, alikuwa anatenganisha barua za kazi na za nyumbani, aisee kwa rafiki zake hakutenganisha. Angalia Juni 1858, anapokea barua ya Wallace, mtafiti mwenzake wa viumbe, kutoka visiwa vya Asia, anakuta wazo alilolilea miaka 20, la jinsi spishi (aina za viumbe) zinavyobadilika, limeandikwa na mtu mwingine, anamwandikia rafiki yake Lyell, mwanajiolojia, amechanganyikiwa kabisa, na siku hizohizo mwanaye mdogo Charles anaumwa homa, tarehe 28 akafariki. Kesho yake tu anamwandikia Hooker, rafiki yake mtaalamu wa mimea, msiba humohumo, habari za karatasi zake na za Wallace za kusomwa Linnean Society (chama cha wanasayansi London) humohumo. Zikasomwa 1 Julai, yeye hakwenda. Zinauma sana barua hizo. Anza na za Hooker, ndo alikuwa anamfungukia, 1844 alimwambia kusema spishi zinabadilika ni kama kukiri umeua mtu.