Bakuli la nyanya, Wachina wa Pate, na pa kuanzia kusoma

SWALI: Asalam aleikum dada. Mimi kwetu Pate lakini nakaa Lamu mjini. Nyanya yangu ana bakuli la Kichina, limemeguka ukingo na hataki mtu aliguse. Yeye husema wazee wake walikuja na jahazi la Wachina lililovunjika karibu na Shanga, huko huko kisiwani Pate, wakaokoka, wakasilimu, wakaoa huku. Sasa nimeshikwa na hamu ya kusoma kuhusu Uchina, historia na pia watu wakisimulia maisha yao wenyewe, waliohama, na sanaa zao za zamani. Nianzie wapi? Na hilo bakuli ni ushahidi? – Msomaji, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na jibu langu la kwanza si kitabu. Kaa na nyanya jioni, weka simu irekodi, muulize nani alimwambia hiyo habari na alimwambia wakiwa wapi, walikuwa wanafanya nini, na bakuli lilitoka kwa nani likaenda kwa nani. Usimkatize wala usimsahihishe. Kitabu utakipata hata mwakani, lakini hii fanya wiki hii tafadhali.

Kuhusu bakuli nitakuambia kweli hata kama haitakufurahisha. Bakuli ni ushahidi wa biashara, si wa damu. Vyombo vya Kichina vilikuwa vinafika pwani yetu tangu karne ya 9, vikipitia mikono ya wafanyabiashara wengi wa bahari hii, na Shanga yenyewe ulikuwa mji tangu karne ya 8, yaani miaka kama 600 na zaidi kabla ya zile merikebu za Zheng He, amiri wa bahari wa Uchina, ambazo watu hulihusisha nazo jahazi la kina nyanya. Halafu karne ya 19 zikaja sahani na bakuli za Ulaya nyingi sana, nazo zikapangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na kupachikwa makaburini vilevile, kwa hivyo lipeleke makumbusho ya Lamu walitazame chini kwenye kitako, na usilisugue kwa steelwool! Lakini haya hayaiui simulizi ya nyanya, manake simulizi ina uzito wake hata bila bakuli. Si umesoma Al-Inkishafi, lile shairi la kale la kuililia Pate iliyoanguka, pale zidaka zilizokuwa na vyombo vya fahari zimekuwa viota vya ndege? Hapo Pate ilijilia yenyewe, na vyombo vya ng'ambo vimo ndani ya kilio.

Sasa vitabu. Kwa historia anza na Ma Huan. Huyu alikuwa Mwislamu, mkalimani kwenye safari za Zheng He, ambaye naye alizaliwa katika familia ya Kiislamu Yunnan. Safari zilikuwa saba, 1405 hadi 1433. Ma Huan aliandika aliyoyaona, watu wanakula nini, wanavaa nini, pesa yao ikoje, na amefika kueleza hadi Makka. Tafsiri ya Kiingereza ya J.V.G. Mills ilitoka 1970. Pwani yetu hutaikuta humo, usivunjike moyo, soma uone jinsi mtu anavyotazama nchi za watu kwa adabu.

Kwa kumbukumbu za mtu, Wild Swans ya Jung Chang, 1991. Ni nyanya, mama na binti, maisha ya wanawake watatu wa nyumba moja, nyanya alifungwa miguu tangu utotoni ili isikue, mama akaingia Chama cha Kikomunisti, binti akayakuta Mapinduzi ya Utamaduni ya 1966 hadi 1976. Ni kinene lakini utakimaliza, kwa sababu kinakwenda vile nyumba zetu zinavyosimulia, fulani aliolewa na nani na ikawaje.

Uhamiaji ndipo penye kuniuma. Marekani ilipitisha sheria 1882 kuwazuia vibarua wa Kichina, na kuanzia 1910 hadi 1940 wengi walizuiliwa kisiwa cha Angel Island, karibu na San Francisco, wengine wiki, wengine miezi. Wakachonga mashairi kwenye kuta za mbao. Mashairi! Mtu amefungiwa, hajui atarudishwa ama ataingia, anachonga ubeti. Yamekusanywa kwenye kitabu kiitwacho Island, kilichotoka 1980. Wewe umekulia kwenye mji wa wachonga milango na washairi, hayo utayaelewa bila kufafanuliwa.

Sanaa, tafuta chochote juu ya khati ya Sini, ndiyo Kiarabu kinachoandikwa na Waislamu wa Uchina kwa mtindo wa brashi yao, herufi zinanenepa na kukonda kama maji. Na ukiwa tayari kwa riwaya, The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, 2019, msichana wa Pate anakwenda Uchina. Hiyo iache ya mwisho, ukishapata sauti ya nyanya yako mwenyewe.

SWALI: Dada, nafundisha Malindi. Ni kweli twiga alitoka kwetu akapelekwa Uchina? Na kile kitabu cha 1421 nikiamini? – Mwalimu

JIBU: Mwalimu, twiga ni kweli. Wa kwanza alifika 1414 akitokea Bengal, mwaka uliofuata ubalozi wa Malindi ukaleta mwingine, na kule wakamwita qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao. Hicho kitabu kiitwacho 1421, cha Gavin Menzies, kinachodai merikebu za Zheng He zilifika Amerika, usikitumie darasani, wanahistoria wamekikataa, safari hizo hazina ushahidi. Tumia picha ya twiga ya enzi ya Ming, ukoo uliotawala Uchina wakati ule. Iprinti kubwa. Kuna mtu amesimama kando kashika kamba, basi waulize wanafunzi huyo ni nani, na waandike barua moja kutoka kwake kwenda kwa mamake.