Goti si nyonga

Pole, kaka. Umesema goti linakuuma kila ukigeuka kwa kasi mazoezini, baada ya kupanda kilima cha Kololo mbio. Goti ni kama bawaba ya mlango: kazi yake kubwa ni kukunja na kunyoosha. Kuzunguka huzunguka kidogo tu, tena likiwa limekunjwa. Nyonga ndiyo yenye kichwa cha mviringo ndani ya kikombe. Hiyo huenda mbele, nyuma, pembeni na kuzunguka. Basi ukigeuka, inua kisigino, unyayo na nyonga vigeuke pamoja. Ile miduara ya magoti tuliyofundishwa shuleni mimi niliiacha zamani. Likivimba au likikwama, acha mbio, nenda hospitali.