Jibu: Yule dada aliyeimba wimbo wa Kombe la Dunia la Italia 90 alipotelea wapi?

Mkuu hajapotea bana, sisi huku ndo tulimjulia kwenye mpira tu. Anaitwa Gianna Nannini, mzaliwa wa Siena 1954, albamu ya kwanza katoa 1976, akaja kutoka na wimbo wa America 1979, halafu 1984 wimbo wake wa Fotoromanza ukakaa namba moja Italia. Ujerumani ndo usiseme, wanampenda kinoma, na zile kazi zake za miaka ya 80 kapika na prodyuza wa huko Conny Plank ndo maana gitaa na kinanda vinagonga kirock hivyo. Ule wimbo wa Kombe la Dunia 1990 muziki ni wa prodyuza Giorgio Moroder, kaimba na mwanamuziki mwenzake Edoardo Bennato, wakaupiga uwanja wa San Siro, Milano, siku ileile Kameruni walivyomlaza Argentina ya Maradona 1-0.

Watu wakajua kaishia hapo, 2006 akarudi na albamu ya Grazie ikapiga vibaya mno. Mdogo wake Alessandro alikua dereva wa Formula 1, alishinda mbio za Japani 1989 baada ya Ayrton Senna aliyemaliza wa kwanza kufutiwa matokeo, ushindi wa mezani kabisa 😂

We anza na wimbo wa Sei nell'anima wa kwenye hiyo Grazie, ile sauti ya mikwaruzo utaielewa.