Maswali yenu: njia ya baiskeli katikati ya Kampala

Wiki iliyopita niliandika kwamba Ben Kiwanuka Street, pale ubavuni mwa Old Taxi Park, kituo cha matatu ambazo huku tunaziita taksi, ipewe njia ya baiskeli iliyotengwa na magari kwa ukingo wa zege. Nimepokea barua nyingi, nazo zote nimezisoma. Haya ndiyo maswali yaliyorudiwa zaidi.

Kwa nini tusichore tu mstari? Rangi ni rahisi kuliko zege. (Msomaji, Kawempe)

Kwa sababu rangi haimzuii mtu. Mstari ukichorwa asubuhi, kabla ya saa sita taksi zimesimama juu yake na wachuuzi wametandika bidhaa hapo hapo. Mwenye baiskeli anarudi katikati ya magari, na safari hii dereva anamlaumu kwamba ametoka kwenye njia yake. Fedha zikiwa chache, heri tujenge mita mia tano zenye ukingo kuliko kilomita tano za rangi.

Nina duka. Mizigo yangu itapakuliwa wapi? (Mama mfanyabiashara)

Mama, swali lako ni la haki, na mradi usiokuwa na jibu lake usianze. Lori linahitaji sehemu maalumu ya kupakulia, iliyochorwa upande wa pili wa ukingo au kwenye barabara ya pembeni, na saa zake zijulikane, kwa mfano alfajiri kabla mji haujajaa. Kuhusu wateja, simama mlangoni uangalie wanavyokuja. Wengi wameshuka taksi, wakamalizia kwa miguu.

Sisi wa boda tuna magurudumu mawili pia. Mbona tukatazwe? (Mpanda boda, Wandegeya)

Ndugu yangu, hili ndilo swali gumu kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Mtazame kijana anayeleta matoke mjini. Mikungu imefungwa pande zote mbili za keria, mingine imelazwa juu, na mara nyingi hapandi kabisa: anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika mzigo usielemee upande. Mzigo ule una upana wa karibu mita nzima. Akisikia honi nyuma hana pa kukimbilia. Njia hii ni yake kwanza, kabla ya mtu wa mazoezi ya Jumapili. Ndiyo maana nasema upana usipungue mita mbili kwa mwelekeo mmoja. Mita moja na nusu inamtosha mpanda baiskeli asiye na mzigo, lakini haimpi mwingine nafasi ya kumpita mwenye mzigo.

Ukiingia wewe humo na pikipiki, huyu kijana amerudi kwenye hatari ileile tuliyotaka kumtoa. Na usidhani vyuma vya kuzuia pikipiki kwenye maingilio ya njia vitatusaidia: nafasi inayozuia pikipiki inazuia pia baiskeli ya matoke. Kwa hiyo kazi itabaki kwa askari wa trafiki na wasimamizi wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, tena kila siku, si siku ya uzinduzi tu. Ila nao wawatendee haki. Steji yenu iwekwe mahali panapoeleweka karibu na mtaa, msifukuzwe huku na kule kisha mkalaumiwa kwa kusimama popote.

Mvua ikinyesha je? Mji wa chini hufurika. (Msomaji, Kisenyi)

Ukingo usiokatizwa utageuka bwawa, hasa kwenye mitaa inayotiririsha maji kuelekea mfereji wa Nakivubo. Uachwe wazi kila baada ya mita chache maji yafike mtaroni. Na nondo za mifuniko ya mtaro zilazwe kukata njia, zisifuate mwelekeo wa gurudumu, la sivyo tairi litazama humo.

Mwanangu anataka kwenda shule kwa baiskeli. Atakuwa salama? (Baba, Ntinda)

Mzee wangu, kwenye sehemu yenye ukingo, ndiyo. Hofu yangu ni makutano. Huku kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari linalokata kushoto linapita mbele ya baiskeli inayokwenda moja kwa moja, na dereva mara nyingi hatazami kioo. Dawa ipo: kona ibanwe ili gari lipunguze mwendo, njia ya baiskeli iinuliwe kidogo inapovuka, na mstari wa kusimamia baiskeli uwe mbele ya ule wa magari. Mpaka nione hayo yamejengwa, simshauri mtoto apite hapo peke yake.

Taksi nazo ni hatari. Abiria ashukie kwenye kisiwa, yaani jukwaa dogo, kati ya taksi na njia ya baiskeli, asirukie mbele ya mtu anayekuja.

Baiskeli ni chache. Si tunapoteza nafasi? (Wengi)

Ni chache kwa sababu watu wanaogopa. NACTO, chama cha maofisa wa usafiri wa miji ya Amerika Kaskazini, kinakadiria kwamba njia moja ya magari ya kawaida hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa, na kwamba njia ya baiskeli iliyolindwa, ya kwenda na kurudi, inaweza kupitisha 7,500. Mji wa Sevilla, Uhispania, ulianza kujenga mwaka 2006, ukafikisha kilomita takriban 80 zilizoungana kwa miaka michache, na waendesha baiskeli wakaongezeka mara kadhaa. Zingatia neno hilo, zilizoungana. Kipande kimoja kinachoishia kwenye msongamano hakitamvuta mtu mpya.

Serikali inalijua hili? (Mwanafunzi, Makerere)

Inalijua. Uganda ina sera ya usafiri usiotumia injini tangu 2012, na KCCA ilichagua Namirembe Road na Luwum Street kuwa eneo la majaribio. Muulize diwani wako bajeti ya mwaka huu imetenga shilingi ngapi kwa kazi hiyo, kisha niandikie alichokujibu.