Dada yuko Australia anaona wanyama kila asubuhi, mimi wa Luchelele nitaona nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi msomaji wenu wa Luchelele, hapa hapa Mwanza. Dada yangu yuko masomoni Cairns, kule Queensland, Australia, na kila asubuhi anatembea kando ya kijito halafu ananitumia voisi ya alichokiona, mara ndege anayecheka kabisa, mara kuku wa porini anayerundika majani mpaka yanakuwa kichuguu, na juzi juzi wakapanda milimani Yungaburra anadai kaona mnyama mwenye mdomo wa bata, anataga mayai na bado ananyonyesha! Ananitania au? Na mimi nina kijito hapa nyuma kinashuka ziwani, ila sina darubini wala hela ya kwenda Serengeti. Nikitembea hapo kuna cha maana nitaona?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dada hajakutania hata kidogo. Huyo mnyama anaitwa platipasi, na kijito cha Peterson pale Yungaburra kinajulikana sana kwa kumwona, alfajiri au jioni, ukiona viputo vinapanda juu ya maji unatulia. Dume ana mwiba wenye sumu miguu ya nyuma, kwahiyo wa kumwangalia tu.

Huyo anayecheka ni kukabura, na hapa ndo nataka tuelewane maana ni ndugu wa mdiria wetu, yule mweusi na mweupe anayepiga mbawa amesimama hewani halafu anajitupa majini kufuata dagaa. Kukabura yeye hahangaiki sana na samaki, anakula mijusi, nyoka na wadudu, ila watoto wake wakishakua wengine wanabaki kwa wazazi wanasaidia kulea wadogo zao. Sasa mdiria nae anafanya hivyo hivyo, tena hapa ziwani kwetu kuna zaidi. Watafiti waliowafuatilia upande wa Kenya waliona kule Naivasha wazazi mara nyingi wanawafukuza madume wageni wanaokuja kujitolea kusaidia kulea, lakini kwenye Ziwa Victoria mawimbi ni makali na samaki wanaopatikana ni wadogo, kulisha watoto ni kazi, basi vifaranga wakishaanguliwa wageni wanapokelewa na wanaleta samaki kabisa. Yaani ndege ambaye tunampita kila siku pale mwaloni ana mambo mazito hivyo! Viota vyao ni mashimo kwenye kingo za udongo, kaa mbali kidogo uhesabu wanaoingia na samaki mdomoni, wakizidi wawili ujue kuna msaidizi. Usichokoe shimo tafadhali.

Kuhusu kuku wa kichuguu, ni kweli, majani yakioza yanatoa joto na ndo linaloangua mayai, kifaranga anajichimbua mwenyewe. Wewe mtafute fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kishungi, lijumba lake la vijiti linaweza kufika mita moja na nusu upana na mlangoni anasiriba tope, akihama bundi anaweza kuingia. Kwenye mawe kuna pimbi, na kuna mjusi dume kichwa chekundu mwili wa bluu anayepiga pushapu juani, huyo hata jina lake la kisayansi limebeba Mwanza, Agama mwanzae.

Darubini utaazima siku nyingine. Muhimu njia iwe ile ile na muda ule ule, na daftari lenye tarehe, maana ukiwazoea wenyeji ndo utamshtukia mgeni. Kuanzia Septemba au Oktoba hivi mbayuwayu wa Ulaya wanaanza kuingia, andika siku ya kwanza uliyowaona kisha linganisha na mwaka unaofuata. Ukipata nauli ya boti nenda kisiwa cha Saanane, ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na iko hapo hapo mjini.

Ila ndugu yangu, maji yale yasikudanganye. Dada yako huko ana mamba wa maji chumvi na sisi tuna mamba na viboko, kwahiyo waulize wavuvi kwanza wapi wanaonekana, usitoke kabla jua halijachomoza maana kiboko muda huo anarudi kutoka malishoni na ukikaa kati yake na ziwa umekwisha. Na kijitoni usikanyage maji peku, kichocho kinaingilia kwenye ngozi, vaa gambuti au pita juu kwenye njia.